Bibi Anashuka Sasa Hivi

Kiingereza changu nilikitoa kwenye kamusi, na siku hiyo Jambiani, kijiji cha pwani Unguja, kamusi iliniumbua mbele ya bahari nzima.

Ilikuwa siku ya bamvu, maji yanapojaa sana na kutoka sana. Nahodha wa ngalawa, mzee wa maneno machache, alishanionya tangu jana: saa moja na nusu tung'oe nanga, maji hayamngoji mgeni. Nikapanda hotelini kumgongea mgeni wangu, bibi wa Kiingereza, mwalimu mstaafu. Akajibu kutoka ndani kwa sauti ya darasani: "I shall be down presently."

Neno nalijua! Present ni sasa, basi presently ni sasa hivi. Nikatimua mbio hadi ufukweni. "Mzee, anashuka sasa hivi!"

Nahodha akang'oa nanga, akasimama majini ameishikilia ngalawa kama ng'ombe wa mnadani. Maji yalikuwa kiunoni. Yakashuka magotini. "Sasa hivi ya wapi hiyo?" Yakafika vifundoni. Kina mama wa mwani wakatupita, mmoja akauliza kama ngalawa tunaiosha au tunaiuza. Saa tatu kasorobo ngalawa ikalalia mrengu mmoja, ule ubao wake wa pembeni, ikatulia.

Ndipo bibi akatokea: kofia pana, mwavuli, kikapu. Akatazama mchanga mtupu mpaka kule mwambani. Bahari iko wapi?

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa kwenye ubavu wa ngalawa, na kwa kuwa mwalimu hastaafu, nikapigwa somo hapo hapo. Kumbe sikukosea, nilichelewa tu miaka kama mia nne! Zamani presently ilikuwa papo hapo kweli. Katika The Tempest ya Shakespeare, Ariel, roho mtumishi, anauliza "Presently?" na bwana wake, mchawi Prospero, anamjibu ndiyo, kufumba na kufumbua. Lakini watu ndio watu: wanaitwa, wanaitikia presently, nao wamejilaza, mpaka neno likachoka likawa "baadaye kidogo". Soon nayo ilianza ikiwa "mara moja". Na by and by, ambayo leo inajikokota kama konokono: kwenye Biblia ya Kiingereza ya 1611, binti wa Herodia anataka kichwa cha Yohana Mbatizaji by and by, na yule hakuwa na nia ya kungoja mpaka kesho.

Nikamtafsiria nahodha. Akawaza kidogo. "Kumbe na kwao wako mafundi cherehani."

Bibi akauliza, sasa tutaondoka lini? Nahodha akautazama mwamba, akakunja tanga taratibu, akaenda kujinyoosha chini ya mnazi.

"Mwambie sasa hivi."

Maji hayakuwa ya kurudi kabla ya saa nane. Nikamgeukia bibi, na kwa mara ya kwanza nikalitamka bila wasiwasi:

"Presently."

Akaagiza chai.