Besi Iliyofichwa ya Metallica: Kisasi, Uzembe au Chaguo?

Ukiisikiliza ...And Justice for All, albamu ya bendi ya Marekani ya Metallica, kwa mara ya kwanza, hasa kama masikio yako yamelelewa na muziki wa dansi ambako mpiga besi ndiye anayeushikilia wimbo wote, utadhani spika imeharibika. Magitaa yapo, tena makali. Dramu zinagonga kavu, bila mwangwi wowote. Huko chini, mahali pa besi, hakuna kitu. Utaongeza sauti na bado hutaipata.

Spika ni nzima. Albamu hii ya nne ya Metallica, iliyotoka mwaka 1988, ndivyo ilivyo. Na ndivyo hivyo hivyo ilivyopata cheti cha nakala milioni 8 Marekani peke yake, na ndivyo inavyotajwa hadi leo miongoni mwa kazi kubwa za heavy metal. Basi mjadala wake una utata wake: wanaolalamika zaidi kuhusu besi, wengi wao, ni watu wanaoipenda albamu yenyewe.

Tuanze na yanayojulikana. Septemba 1986 basi la bendi lilipinduka Sweden usiku, na mpiga besi Cliff Burton akafariki akiwa na miaka 24. Wiki chache tu baadaye nafasi yake ikachukuliwa na Jason Newsted, kijana kutoka bendi ya Flotsam and Jetsam. Hapakuwa na muda wa kuomboleza, na machungu yakamwangukia mgeni. Wenzake wenyewe walikuja kukiri kwamba walimtesa kwa mizaha ya kila aina. Mapema mwaka 1988 bendi iliingia studio Los Angeles, ikarekodi na prodyuza Flemming Rasmussen, yule yule aliyerekodi nao albamu mbili zilizotangulia, kisha kazi ya miksi, yaani kupanga nguvu ya kila sauti, wakapewa Steve Thompson na Michael Barbiero.

Thompson amesimulia mara nyingi kilichotokea. Kwa maelezo yake, mpiga dramu Lars Ulrich alitaka besi ishushwe hadi isikike kwa mbali, na iliposhushwa, akataka ishushwe tena. Rasmussen naye amesema waziwazi kwamba alichorekodi Newsted ni kizuri sana na kipo kwenye kanda. James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi, ana simulizi tofauti. Anasema besi ilifuata gitaa lake noti kwa noti, na gitaa lenyewe lilikuwa limeshajaza sauti zote za chini. Isitoshe, walikuwa katikati ya ziara na masikio yamechoka kwa makelele ya jukwaani.

Naona simulizi hizi zinaweza kuwa za kweli zote kwa pamoja. Ila ile ya Hetfield ina tundu. Mwaka mmoja kabla, 1987, bendi hiyo hiyo ilitoa rekodi fupi ya nyimbo za watu wengine, The $5.98 E.P.: Garage Days Re-Revisited. Mpiga besi ni huyo huyo Newsted, magitaa ni hayo hayo, na besi inasikika vizuri kabisa. Kwa hiyo tatizo halikuwa mkono wa Newsted, wala si kweli kwamba gitaa la Hetfield haliwezi kukaa na besi chumba kimoja.

Je, ni kisasi? Mashabiki wengi wanalipenda jibu hili kwa sababu linaifanya albamu nzima kuwa hadithi ya msiba. Mimi silikubali moja kwa moja. Ni vigumu kuamini kwamba Hetfield na Ulrich, waliokuwa wakali namna ile juu ya kila pigo la kazi yao wangeiharibu makusudi ili kumkomoa mtu mmoja. Ninachokiona ni uzembe wa aina yake. Newsted alirekodi sehemu zake akiwa peke yake na fundi msaidizi, bila prodyuza, bila Hetfield, bila Ulrich. Hakuna aliyekaa naye kumwambia: hapa acha kulifuata gitaa, hapa jaza pengo. Yeye akafanya kama alivyozoea, akalifuata gitaa. Miksi ilipofika mezani, sauti yake ikaonekana kama nakala isiyohitajika. Hapo huhitaji chuki ili kumfuta mtu, inatosha kwamba hakuna aliyemhesabu tangu mwanzo.

Hata hivyo, kueleza chanzo cha jambo hakutoshi kusema kwamba matokeo yake ni mabaya. Wanaoitetea miksi hii wana hoja nzito. Mashairi ya albamu yanazungumzia mahakama zinazonunuliwa, watu wanaotengwa kwa kusingiziwa, dunia inayoteketezwa, na kijana aliyerudi kutoka vitani bila miguu, mikono, macho wala sauti. Huo ni ulimwengu usio na joto. Sauti kavu inaufaa kuliko sauti nene ya kupendeza. Kwenye "Blackened" na "Dyers Eve" kasi ni kubwa kiasi kwamba besi ingeweza kuyafanya mapigo yawe mazito na kuondoa ule ukali. Na zile dramu za "One", pale zinapofyatuka kama bunduki pamoja na gitaa, zinatisha hasa kwa sababu hakuna kitu cha kuzilainisha.

Lakini hoja hiyo haifiki kila wimbo, na hapa ndipo watetezi wanapozidisha. "To Live Is to Die" ina karibu dakika 10, ni ala tupu isipokuwa maneno machache ya kusemwa, na imetokana kwa sehemu na vipande alivyoviacha Burton. Mwendo wake ni wa polepole. Katika wimbo wa kumkumbuka mpiga besi, besi haisikiki! Siwezi kuuita huo ubunifu hata nikijilazimisha. "Harvester of Sorrow" nayo inahitaji uzito ambao gitaa peke yake haliwezi kuutoa.

Wakati albamu inatoka, kelele zilikuwa juu ya mambo mengine. Nyimbo ni ndefu mno, walisema baadhi, na hilo lina ukweli: wimbo uliobeba jina la albamu unakaribia dakika 10. Kisha mwaka 1989 tuzo ya kwanza ya Grammy kwa kundi la rock nzito na metali ikaenda kwa Jethro Tull, bendi inayojulikana kwa filimbi, badala ya Metallica, na hasira za mashabiki zikahamia huko. "One" ilipewa Grammy yake mwaka uliofuata.

Mwaka 2018 albamu ilitolewa upya, ikasafishwa sauti, na besi ikaachwa pale pale. Msimamo wa Hetfield ni kwamba albamu ni kumbukumbu ya wakati wake na haifai kubadilishwa. Namwelewa, na kwa diski kuu namuunga mkono. Ila toleo hilo hilo lilikuja na sanduku kubwa lililojaa majaribio ya awali, miksi ghafi na maonyesho ya jukwaani. Diski moja zaidi, yenye kanda za Newsted zikisikika kama zilivyorekodiwa, isingeifuta historia ya mtu yeyote. Mashabiki walishaifanya kazi hiyo wenyewe, wakiingiza besi kwa mikono yao na kusambaza mtandaoni, kwa ubora wa kubahatisha.

Bendi yenyewe iliirekebisha hali hii kimyakimya mwaka 1991, kwenye albamu iliyofuata, chini ya prodyuza Bob Rock aliyetaka wapige pamoja studioni. Humo besi imejaa kila mahali, na wimbo "My Friend of Misery" unaanza na Newsted akiwa peke yake.