Mitindo ya polepole: kazi ipo, ila si pale wengi wanapoitafuta

Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka Bangladesh Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji, vijana wengi wa ubunifu waliapa kutoshona nguo za kuvaliwa mara mbili na kutupwa, wakageukia mitindo ya polepole, yaani nguo chache, bora na za kudumu. Nia hiyo siibezi. Je, mtu ataishi kwayo?

Wenye mashaka wana hoja nzito. Nguo ikidumu miaka kumi, mteja naye huadimika miaka kumi. Geuza suruali nzuri ndani nje: mshono wa nyuma kiunoni umeachiwa sentimita mbili au tatu, mwenyewe akinenepa fundi aongeze. Ile ya bei ya kutupa imeachiwa chini ya sentimita moja, ikapigwa ovaloki, basi. Nafasi hiyo ni kitambaa, na kitambaa ni fedha, bado muda wa fundi. Mbunifu anayeanza akiyajumlisha yote hayo kwenye bei, wateja wanakimbia. Asipoyajumlisha, anajilipa wa mwisho, kama anajilipa. Aliyekimbia unyonyaji wa kiwandani huishia kujinyonya mwenyewe, tena kwa fahari.

Lakini tusiangalie kuanzisha lebo, yaani chapa yako ya nguo, peke yake. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2020 ilipiga marufuku kuteketeza nguo zisizouzwa, na tangu 2023 anayepeleka nguo kwa fundi aliyesajiliwa kwenye mpango maalumu hupunguziwa gharama. Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni ya 2024, umefungua njia ya pasipoti ya kidijitali ya bidhaa, yaani rekodi ya bidhaa imetokana na nini, nguo zikiwemo. Hapo lazima awepo wa kufuatilia pamba ilikotoka, wa kukagua nyaraka za kiwanda cha rangi, wa kubadilisha zipu bila kuharibu bitana. Kazi hizi hazina jukwaa wala kamera, ila zina mshahara.

Ndiyo maana kwa maoni yangu anayeanza ajifunze kwanza kukata patani, kutengeneza nguo zilizochakaa na kukagua. Lebo yake itamsubiri. Hata huko kuna mtego: kampuni nyingine huajiri mtu wa uendelevu, yaani wa kulinda mazingira na haki za wafanyakazi, awe pambo la tovuti tu. Kwenye usaili, uliza jambo moja: mwenye nafasi hii anaweza kusimamisha oda, au anaandika ripoti oda ikishapita?