Kozi ya mtoto, ada ya ukoo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa saba, nyumba nyingi za Mbeya, Njombe na Iringa huwa na kikao kisicho na mwenyekiti. Baba yupo, mjomba amepigiwa simu, shangazi wa Makambako naye ana lake. Ajenda ni moja: mtoto akasome nini. Mwenyewe anataka mambo ya kompyuta pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Wazee wanataka ualimu, au udaktari kama alama zinaruhusu. Watu wa mitandaoni hulimaliza jambo hili kwa sentensi moja, kwamba wazazi wawaache watoto wafuate ndoto zao. Mimi naona wazee wanaonewa, ingawa kura yangu hawataipata.

Chukua ualimu. Ushauri huo una historia. Kuanzia mwaka 2004, chini ya MMES, mpango wa serikali wa kuendeleza elimu ya sekondari, sekondari za kata zilichipuka kila mahali na walimu wakatafutwa kwa tochi. Mwaka 2005 Mkwawa pale Iringa ikafanywa chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusaidia kuziba pengo hilo. Mkulima wa viazi wa Umalila alimwona mtoto wa jirani akimaliza chuo, akapangiwa kituo, akakopa benki, akamwezekea mama yake nyumba. Hakusimuliwa, aliona. Shida ni kwamba mlango ule haupo tena kama alivyouacha. Mhitimu wa ualimu leo anaomba kazi kwenye mfumo, anaitwa usaili pamoja na waliomaliza miaka mingi kabla yake, na huku akisubiri anajitolea shuleni kwa posho inayochangwa na wazazi wa wanafunzi.

Sheria ina mtego wake, na huu vikao vingi haviujui. Kila ukoo ungependa kuwa na wakili. Lakini shahada peke yake haimfanyi mtu wakili. Mbele yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, na huko nako kuna ada, chumba na nauli. Mwaka 2022 matokeo ya taasisi hiyo yalizua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Kamati iliyoundwa kuchunguza iliongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, aliyewahi kuwa mbunge wa Kyela. Mzazi aliyeuza ng'ombe akidhani amemaliza kusomesha, kumbe bado.

Upande wa kijana nao haujanyooka. “Napenda” mara nyingi ni kupenda kitu ambacho hajawahi kumwona mtu akikifanya kuanzia asubuhi hadi jioni. Anayependa simu si lazima avumilie kutafuta kosa moja kwenye programu siku tatu mfululizo. Mjomba akimuuliza, “Umemuuliza nani anayeifanya hiyo kazi?” hilo si shinikizo. Ni swali, na linastahili jibu.

Halafu kuna kilimo, ambacho pande zote mbili hukiruka. Parachichi za Rungwe na Njombe zinakwenda Ulaya, na mwaka 2022 China nayo ilikubali kuzipokea. Pengine hata ada inayojadiliwa imetoka kwenye miti hiyo. Mtoto akitaja kozi ya kilimo pale Uyole, chuo cha kilimo cha Mbeya, atasikia kwa baba: “Nimekusomesha ili urudi shambani?” Wengi husema hii ni dharau ya jembe. Nadhani baba anajua zaidi ya hapo. Kwenye parachichi anayepata ni mwenye ardhi, na cheti bila ardhi humfanya mtu kibarua aliyesoma. Ila ardhi anayo yeye! Akisema atamkatia kijana ekari mbili, kozi ya kilimo inabadilika kabisa, na hilo ndilo neno ambalo kikaoni halitamkwi.

Kwa nini basi kura yangu nampa kijana? Kwa sababu ya deni. Mkopo wa HESLB, yaani bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, anausaini yeye, na akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake inakatwa kila mwezi hadi uishe. Ukoo unaochangia kiasi kinachobaki una haki ya kuuliza, hata ya kusema fedha ya chuo fulani haipo. Kumjazia kozi atakayoilipa yeye ni jambo jingine.

Tena ugomvi wa mwezi wa saba huja umechelewa. Aliyesoma HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, hadahiliwi udaktari hata ukoo mzima ukilia, maana huko wanataka fizikia, kemia na baiolojia. Uamuzi mkubwa ulifanyika baada ya kidato cha nne, wakati wa kuchagua kombi, yaani tahasusi ya masomo ya kidato cha tano na sita, na mara nyingi hakuna mzee aliyeitwa. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65, kwa hiyo sasa kuna mengi zaidi ya kujadili mapema.

Jambo dogo la mwisho, kwa wanaoomba mwaka huu. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja huthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu aliyojaza wakati wa kuomba. Kabla ya kubishana zaidi, angalieni ile namba ni ya nani.