Kabla ya Kulitabiria Duka Kifo, Pitia Mlango wa Nyuma

Binamu yangu mmoja ametuma kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo video ya "chapa kumi maarufu ambazo hazitafika 2030". Mtabiri ni kijana wa suti ya buluu iliyombana, na nyuma yake picha ya maghorofa ya Upper Hill. Dakika ya kwanza, Kodak. Dakika ya pili, Nokia. Nilijua tu. Nairobi hii huwezi kukaa kwenye mkutano wa chama, semina ya kanisa wala mafunzo ya wauza bima bila mtu kusimama akakueleza kwamba Kodak walitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975, wakaipuuza, na 2012 wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaowadai. Tumesikia, mwalimu. Tumesikia sana.

Lakini si Kodak iliyonipandisha hasira. Kijana alipomaliza ya ughaibuni alirudi nyumbani, akayataja maduka yetu, na kila marehemu akampa ugonjwa mmoja: mteja alibadilika. Nakumatt? Mteja alibadilika. Uchumi? Mteja alibadilika. Tuskys? Haya, malizieni wenyewe.

Alibadilika kuwa nani? Mteja alikuwa palepale, toroli mkononi, anatafuta unga, mafuta na sabuni ya kufulia. Aliyetoweka ni unga.

Hebu tazameni. Nakumatt, Tuskys, Naivas na Quickmart zote asili yao ni Nakuru na viunga vyake. (Siku moja mtu atufanyie utafiti maji ya kule yana nini.) Ziliuza sukari ileile kwa watu walewale, na mara nyingi ukitoka mlango wa hii unaona mlango wa ile. Mbili zimekufa, mbili zinafungua matawi. Huyo mteja aliyebadilika aliwaua wawili akawasamehe wawili kwa kigezo gani?

Kuna watakaosema ni ugomvi wa familia. Ni kweli, ndugu wa Tuskys walivutana mahakamani na magazeti yakapata cha kuandika. Lakini hata Naivas ndugu walipelekana mahakamani kugombania hisa, na bado wako hai, tena mwaka 2022 kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius likanunua asilimia 40 ya biashara. Ugomvi wa ndugu ungekuwa unaua peke yake, nchi hii isingekuwa na biashara ya familia hata moja iliyosimama.

Na Uchumi je? Ile ilikuwa na mapenzi ambayo hakuna duka jingine limewahi kuyapata. Ilianzishwa na serikali 1975, watu wakaiona mali yao. Ilipofungwa ghafla Juni 2006, watu wazima waliomboleza kama wamefiwa. Haikuchukua muda ikafunguliwa tena, na 2011 hisa zake zikarudi soko la Nairobi. Wateja nao walirudi, kwa hiari yao, na furaha juu. Miaka michache baadaye rafu zikaanza kukauka upya. Kwa hiyo msiniambie habari za mapenzi ya mteja. Uchumi walikuwa nayo ya kugawa, walichokosa ni maziwa ya kuuza.

Sasa nieleze jinsi duka linavyokufa, kwa sababu naona wengi hutazama upande wa kaunta tu.

Supamaketi hupokea maziwa asubuhi. Kufikia kesho yake jioni yameisha, na pesa imeingia taslimu au kwa M-Pesa. Aliyeyaleta anaambiwa asubiri siku 60, na akiwa mdogo anaambiwa 90. Katikati hapo duka limekalia pesa ya mtu mwingine, bila riba, bila dhamana, bila hata ahsante. Mwenye busara huihesabu pesa hiyo kuwa deni. Mwenye tamaa huiona faida, akaenda kufungua tawi. Tawi jipya linajazwa bidhaa za mkopo, linaleta mauzo ya taslimu, na mauzo hayo yanatumika kuwatuliza wanaolidai tawi la zamani. Maadamu utepe unakatwa kila baada ya miezi michache, hakuna anayeuliza swali. Siku matawi mapya yanapokoma, wanaodai wote wanafika kwa pamoja.

Nakumatt ilipopita matawi 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki, tulipiga makofi. Mimi pia nilikuwa na ile kadi ya pointi, na nilijiona mtu wa maana kila nilipoitoa mfukoni. Mapema 2018 kampuni ilikuwa imewekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wanaoidai wakapiga kura ifilisiwe. Deni lilikuwa la mabilioni kwa mabilioni ya shilingi. Shambulio la kigaidi la 2013 kwenye jumba la maduka la Westgate, walikokuwa na tawi, liliwaumiza, hilo silipingi, na ni jeraha ambalo sitalifanyia mzaha. Lakini deni lile halikulimbikizwa Westgate. Lililimbikizwa nyuma ya duka, kwenye mlango ambao mteja hapiti.

Huko nyuma napafahamu kupitia kwa shangazi yangu. Alikuwa na karakana ndogo kule Kariobangi Light Industries, akitengeneza achari ya embe na pilipili ya chupa, na alikuwa akipelekea supamaketi moja ambayo jina lake nitalimeza. Shangazi alijua duka lile linakufa mapema kuliko magazeti, mapema kuliko benki, na nadhani mapema kuliko mameneja wenyewe. Hajawahi kusikia habari za Kodak.

Kwanza hundi zilianza kuja na tarehe za mbele. Kisha mhasibu akawa kila siku "ameingia mkutano". Kisha mlango wa kupokelea mizigo, pale alipozoea kugombana na madereva wa mkate na soda nani ashushe kwanza, ukawa kimya. Foleni iliisha. Mlinzi akaanza kumsalimia na kumuulizia watoto, maana hakuwa na gari jingine la kuongoza. Shangazi ana msemo wake: ukifika kushusha mali ukakuta nafasi ya kuegesha, geuza.

Yeye hakugeuza, na hapa ndipo video za wataalamu hazifiki. Duka lile lilimwomba aongeze mzigo. Ndiyo, aongeze! LPO, yaani hati ya kuagiza mali, iliyokuja ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Duka linalokufa haliagizi kidogo. Huagiza zaidi, kutoka kwa wale wachache ambao bado wanaamini, kwa sababu wenye majina makubwa wameshasimamisha magari yao na rafu haziwezi kuachwa wazi. Shangazi alishangilia, akakopa chama, akaajiri vijana wawili wa kuosha chupa. Tulipoenda kutazama tulikuta achari yake imepangwa kutoka mwanzo wa rafu hadi mwisho, pale palipokuwa na jemu, asali na sharubati za kampuni tisa tofauti. Tukapiga picha. Mjomba akaomba Mungu abariki kazi ya mikono yake. Pesa ya mzigo ule hajaiona mpaka leo.

Najua mnazikumbuka rafu hizo. Siku za mwisho za yale maduka makubwa ungekuta karatasi za choo ukuta mzima, kisha maji ya chupa ukuta wa pili, kila kitu kimenyooshwa vizuri na lebo zinatazama mbele. Rafu hazikuwa tupu. Zilikuwa zimejaa kitu kimoja. Anayetaka kutabiri aanzie hapo: ahesabu ni kampuni ngapi zimebaki kwenye rafu ya sabuni, na arudi mwezi ujao ahesabu tena. Aende nyuma saa mbili asubuhi aone nani anashusha. Amuulize kijana wa kupanga bidhaa ambaye ameajiriwa na kampuni ya biskuti, si na duka, maana huyo ndiye wa kwanza kuambiwa asirudi.

Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani iliiagiza Tuskys iwalipe wasambazaji madeni yaliyochelewa. Vizuri. Lakini ukishafika mahali mamlaka inakuandikia barua ulipe, pesa ya kulipa haipo, na mwaka uliofuata Tuskys ilikuwa inafunga tawi baada ya tawi. Na kabla mtu hajaniambia wageni ni waungwana zaidi, mamlaka hiyohiyo iliwahi kuikuta kampuni inayoendesha Carrefour hapa na hatia ya kumkandamiza msambazaji wa mtindi. Hodari wa kulipa anaweza pia kuwa hodari wa kukamua.

Wageni wengine hata hawakukaa wakakamua. Choppies ya Botswana ilikuja ikaondoka. Shoprite ilifungua Westgate Disemba 2018 kwa mbwembwe, na kufikia mwanzo wa 2021 ilikuwa imefunga virago. Game nayo imekwenda. Copia, waliokuwa wakipokea oda za wanavijiji na kuwapelekea bidhaa, walikusanya zaidi ya dola milioni 100 za wawekezaji, na Mei 2024 wakawekwa chini ya msimamizi huku wateja wa vijijini wangali wanaagiza.

Sawa, nitoe kidogo, ingawa shingo upande: kuna chapa ambazo mteja huziacha kweli. Nokia tuliiacha wenyewe, kila mtu kwa mkono wake. Wale wa kutengeneza rangi ya viatu ya Kiwi waliamua 2023 kuacha kuiuza Uingereza, kwa sababu watu wa kule wameacha kuvaa viatu vya kupigwa rangi. Ila jaribu kumpelekea habari hiyo mng'arishaji viatu pale Kenyatta Avenue asubuhi baada ya mvua, wakati karani wa benki amekaa juu ya kiti, matope hadi kwenye vifundo na saa mbili inagonga. London imemzika, Nairobi ana foleni. Mtabiri wetu alimsomea Kiwi matanga bila kuuliza vumbi la Eastlands lina maoni gani.

Tupperware pia alikuwa naye kwenye orodha, kwa kuwa waliomba ulinzi wa mahakama huko Marekani Septemba 2024. Jamani! Nyumba nyingi za mji huu Tupperware ilishindwa zamani na mkebe wa Kasuku. Mafuta yakiisha mkebe unawekwa maharagwe, unabeba uji wa mgonjwa, unapandwa mshubiri, na ukizeeka kabisa unachotea maji ya kuku. Kampuni gani ya vyombo itashindana na chombo kinachokuja bure kikiwa na mafuta ndani?

Tena hawa watabiri huchanganya kifo cha kampuni na kifo cha jina. Mafuta ya kupikia ya Kimbo yalikuwa ya Unilever, yakauzwa kwa Bidco, na mpishi hakushtuka hata kidogo. Kinyume chake ni laini za simu za 0733. Zilikuwa Kencell, zikawa Celtel 2004, Zain 2008, Airtel 2010. Jina limezikwa mara tatu, mtandao haujafa, na baba yangu bado ananituma nimnunulie kredo ya Kencell.

Mtaniuliza basi mimi natabiri nini. Duka lililo hai sitalitaja kwa ubaya, sina pesa za wakili. Ila kuna mahali fulani ninaponunua vitu vya nyumbani ambapo naona matawi yanazidi kufunguliwa na aina za mchele zinazidi kupungua, na nimeacha kununua vocha zao za zawadi. Mwenye macho atazame.

Naivas naipa maisha, mradi wasilewe sifa za kuhesabu matawi. Quickmart vivyo hivyo. Bia ya Tusker haiendi popote. Castle walijenga kiwanda Thika 1998 waje kuipiga, na kufikia 2002 walikuwa wamekifunga. Sukari ya Mumias nailia bado, kwa sababu mkoba ule ulikuwa kila meza ya chai nchini na hakuna mnywaji hata mmoja aliyeukataa. Waliokataa ni wakulima waliochoka kupeleka miwa bila malipo, wakang'oa. Mlango wa nyuma tena, safari hii shambani.

Na Bata, ambayo kijana wa suti aliipa miaka mitatu. Sababu zake zilikuwa mitumba ya Gikomba na viatu vya bei nafuu kutoka China. Mitumba haikuja jana, ndugu, na Bata imeishi nayo muda wote huo. Kiwanda kiko Limuru, duka liko kila mji wenye steji ya matatu, na shule bado zinadai kiatu cheusi cha ngozi. Kila Januari utaona foleni imetoka nje ya mlango, wazazi wakibonyeza ncha za Toughees kwa kidole gumba kupima kama kiatu kitafika muhula wa tatu, na hakuna hata mmoja wao anayesikiliza utabiri.