Jāņi: Moto Mmoja, Wenyewe Wengi

Tarehe 19 Juni 2014, siku nne kabla ya usiku ambao Walatvia wengi hawalali, Bunge la Latvia lilipitisha utangulizi mpya wa katiba. Ndani yake imo sentensi inayosema kwamba tangu kale utambulisho wa nchi hiyo umejengwa na mila za Walatvia na za Walivi (kabila dogo la asili la pwani ya nchi hiyo), hekima ya maisha ya wahenga, lugha ya Kilatvia, na tunu za kibinadamu na za Kikristo. Wahenga wa kabla ya msalaba na msalaba wenyewe wamekalishwa mkeka mmoja. Ugomvi uliofichwa ndani ya sentensi hiyo huonekana wazi kila mwaka kwenye Jāņi (hutamkwa "Yaanyi"), sikukuu ya katikati ya kiangazi. Je, ni sikukuu ya jua iliyovishwa kanzu ya mtakatifu, au ni sikukuu ya mtakatifu ambayo upagani wake uliokotwa baadaye?

Kwanza tuione yenyewe. Tarehe 23 Juni ni Līgo, na tarehe 24 ni Jāņi. Zote mbili ni siku za mapumziko kisheria. Mchana wa tarehe 23 watu huchuma maua ya kondeni na matawi ya mwaloni. Wanawake husuka mataji ya maua, wanaume huvaa ya majani ya mwaloni, na zamani hata ng'ombe walivishwa. Moto huwashwa kabla jua halijazama na huchochewa mpaka lichomoze. Riga, mji mkuu, iko karibu nyuzi 57 kaskazini ya ikweta, kwa hiyo jua huzama kama saa nne na dakika ishirini usiku na kurudi saa kumi na nusu alfajiri: ni kazi ya saa sita tu, lakini inataka kuni nyingi. Mahali pengine huinuliwa mlingoti wenye pipa la lami juu yake, unaoitwa pūdele, ukiwaka juu ya kilima. Imani ya wakulima ni kwamba mashamba yatastawi mpaka pale mwanga unapofika. Watu huruka moto, huoga umande, na huimba nyimbo fupi ambazo kila mstari hufuatwa na kiitikio "līgo, līgo". Mama mwenye nyumba hutoa jibini, baba mwenye nyumba hutoa bia, na wageni huitwa "watoto wa Jāņi" hata wawe na mvi.

Wanaosema kwamba asili ya haya yote ni ya kipagani wana hoja nzito. Ukizisikiliza nyimbo, Biblia karibu haimo. Jānis anayeimbwa humo si nabii wa jangwani anayekula nzige; ni mgeni anayefika kwa farasi, anayekagua mashamba na kuleta baraka ya shayiri na mifugo. Msimu nao unawaunga mkono, kwa kuwa sherehe hii huangukia kati ya palizi na ukataji wa nyasi za mifugo, na zipo nyimbo nyingi za kumsuta ambaye hajamaliza kupalilia. Mambo ya mkulima na jua hayahitaji padri.

Lakini jina lenyewe linawasaliti. Jānis ni Yohana. Wapo wapenzi wa mila wanaodai kwamba jina hilo ni la kale kuliko Yohana Mbatizaji, ila elimu ya lugha haiwaungi mkono. Tarehe nayo si ya jua. Siku yenye mchana mrefu kuliko zote huangukia tarehe 20 au 21 Juni, wala si tarehe 24. Tarehe 24 ilitoka Roma. Injili ya Luka inasema Elisabeti alikuwa katika mwezi wa sita wa mimba Mariamu alipopashwa habari, hivyo Yohana akahesabiwa kumtangulia Yesu kwa miezi sita. Warumi waliandika tarehe kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka mwanzo wa mwezi unaofuata: Krismasi ni siku ya nane kabla ya Januari, na Yohana akapewa siku ya nane kabla ya Julai. Kwa kuwa Desemba ina siku 31 na Juni ina 30, moja ikawa tarehe 25 na nyingine tarehe 24. Katika kalenda ya Kirumi siku hizo ndizo zilizohesabiwa kuwa kilele cha baridi na kilele cha joto, na Augustino akaifafanua kwa maneno ya Yohana mwenyewe: "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Baada ya siku ya Yohana mchana hupungua, baada ya Krismasi huzidi.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwa majirani. Waslavi wa Kiorthodoksi huwasha moto wa Ivan Kupala usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Julai, na huyo Ivan ni Yohana yuleyule. Tofauti ya siku 13 ni tofauti ya kalenda ya Juliasi na ya Gregori, basi. Kama jua ndilo lingekuwa likihesabiwa, mioto hiyo miwili ingewaka usiku mmoja. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wanalifahamu jambo hili kupitia Nairuzi, mwaka wa jua uliotoka Uajemi, unaosherehekewa Makunduchi kwa kuchoma kibanda cha makuti. Hesabu yake ya siku 365 bila siku ya ziada iliifanya isogee siku moja nyuma kila miaka minne. Anayetaka kujua sikukuu ni ya nani aanze na kalenda inayoifuata.

Je, hoja ya upagani imekwisha? La. Kalenda inaonyesha nani aliyeiweka sikukuu mahali ilipo. Haionyeshi nani aliyewasha moto wa kwanza. Tatizo ni kwamba shahidi wa kabla ya Ukristo hayupo. Riga ilianzishwa mwaka 1201 na askofu aliyekuja na wapiganaji wa msalaba, na Walatvia wa wakati huo hawakuacha maandishi. Wachungaji wa Kilutheri, kama Balthasar Russow aliyechapisha kitabu chake cha historia ya Livonia (jina la kale la nchi za Latvia na Estonia) mwaka 1578, ndio wanaotueleza habari za mioto ya Mtakatifu Yohana, na wanaeleza kwa kulalamika. Hapo watu walikuwa wamekwisha kubatizwa kwa zaidi ya karne tatu. Nyimbo nazo zilikusanywa baadaye sana. Krišjānis Barons alizipanga katika kabati la droo, kila wimbo ukiwa kwenye kijikaratasi cha sentimita 3 kwa 11, na mkusanyo wake, uliotoka kati ya 1894 na 1915, una matini 217,996. Ni hazina isiyo na mfano. Lakini ni sauti ya wakulima wa karne ya 18 na 19, na kuisoma kana kwamba ni sauti ya mwaka 1100 ni kuitwisha mzigo usio wake. Hata "Līgo" imewahi kutiwa katika orodha ya miungu na waandishi wa zamani waliodhani kiitikio ni jina, ilhali kitendo chake kwa Kilatvia kina maana ya kuyumbayumba.

Kwa maoni yangu, basi, vipande ni vya kale: moto, umande, majani, karamu ya mavuno yajayo. Jumla yake, kama tunavyoijua, ni ya watu waliobatizwa ambao hawakuona haja ya kumuuliza padri. Anayedai zaidi ya hapo anadai kwa sababu za leo.

Na sababu za leo ndizo siasa. Tarehe 22 na 23 Juni 1919, katika vita vya Cēsis, majeshi ya Estonia pamoja na kikosi cha Walatvia yalilishinda jeshi la Wajerumani wa Baltiki. Nchi zote mbili mara moja zikawa na ushindi wa kijeshi uliogusana na moto wa katikati ya kiangazi. Estonia iliuunganisha waziwazi: tangu 1934 tarehe 23 Juni ni Siku ya Ushindi, rais huwasha mwenge, na moto wake husambazwa hadi mikoani kabla ya usiku wa Jaanipäev, yaani Jāņi ya Waestonia. Latvia iliwapa mashujaa tarehe 22 na kuiacha Līgo isimame peke yake, na nadhani ilifanya vema. Pembeni mwa serikali, Ernests Brastiņš na wenzake walianzisha Dievturība katikati ya miaka ya 1920, dini iliyojengwa juu ya nyimbo zilezile za Barons. Walitafuta imani ya Mlatvia isiyotoka kwa Mjerumani wala kwa Mrusi. Wasovieti, waliokuja kuitawala Latvia, walimkamata Brastiņš na kumuua mwaka 1942.

Wakomunisti waliikuta sikukuu ambayo, kwa nadharia yao, ingefaa kupendwa: ya wakulima, isiyo na padri. Lakini mwaka 1959 wakomunisti wa Latvia waliotetea lugha na utamaduni wa kwao, akiwemo Eduards Berklavs, waliondolewa madarakani, na Arvīds Pelše akashika uongozi wa chama. Chini yake Jāņi ilifutwa kwenye kalenda na kupigwa vita kama uzalendo wa kibepari.

Marufuku hiyo ilikwama, na sababu yake ni ya kawaida kabisa. Tarehe 24 Juni ni siku ya jina la kila Jānis, na tarehe 23 ni ya kila Līga. Jānis ni jina la wanaume lililoenea kuliko yote nchini. Hakuna nyumba isiyo na baba, mjomba au jirani mwenye jina hilo, na mtu akialika jamaa kwa siku ya jina lake, utamshtaki kwa lipi? Sababu ya pili iko jikoni. Jibini ya Jāņi haihitaji kiwanda, wala kimeng'enya, wala kibali. Chukua lita 5 za maziwa na kilo 1 ya biezpiens, yaani maziwa yaliyochacha, yakapashwa moto polepole mpaka yakagawanyika, kisha yakachujwa. Pasha maziwa hadi karibu yachemke, tia biezpiens uliyoivunjavunja, na ukoroge kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15, mpaka maji yanayojitenga yawe ya kijani-njano na maangavu. Maji yakibaki meupe, bado. Ukichuja wakati huo unamwaga jibini yako. Ukizidisha moto, mabonge hukauka na jibini itameguka kama mchanga. Chuja kwa kitambaa, rudisha sufuriani pamoja na siagi gramu 150, mayai 4 yaliyopigwa, chumvi na vijiko viwili vya kisibiti. Kanda juu ya moto mdogo mpaka donge ling'ae na kuvutika. Mayai yakitiwa sufuria ikiwa moto sana hugeuka nyuzi, na kosa hilo halina tiba. Funga kwenye kitambaa, bana pembe kwa fundo, kandamiza kwa kitu kizito usiku kucha. Asubuhi inatoka duara ya manjano yenye alama ya fundo katikati, na wengi husema ni jua. Polisi angeingia jikoni angekuta nini? Maziwa na mayai.

Kwa hiyo vikundi vya ngoma za jadi kama Skandinieki, kilichoanzishwa mwaka 1976, havikufufua maiti. Vilirudisha hadharani kilichokuwa kikiendelea uani. Sheria ya Oktoba 1990 iliyoorodhesha sikukuu za taifa ikaweka siku zote mbili, Līgo na Jāņi.

Tangu hapo serikali imekuwa upande wa sikukuu, na upande huo nao una faida na hasara zake. Faida ni za wazi: mapumziko ya siku mbili, fedha za vikundi, kabati la Barons kutunzwa katika Maktaba ya Taifa, na jibini kusajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2015 kama chakula cha kijadi ili jina lake lisibandikwe kwenye kitu kingine. Bila hayo, soko lingebakiza bia na nyama ya kuchoma tu. Hasara huanza pale serikali, chama au kanisa linapotaka kutoa cheti cha uhalisi. Mwanasiasa aliyevaa taji la mwaloni mbele ya kamera hutaka lisomeke hivi: sisi tulikuwapo hapa kabla ya wote. Karibu robo ya wakazi wa Latvia ni wa asili ya Kirusi, na kauli ya "sisi wa kale" huwafikia kama mlango uliofungwa. Wafuasi wa Dievturība, ambao mwaka 2017 walifungua hekalu lao la Lokstene kwenye kisiwa cha mto Daugava, wana haki kamili ya kusali kwa namna yao. Ila wakisema kwamba wasio na imani hiyo wanaigiza tu, wanamkosea bibi Mlutheri aliyepika jibini miaka yote ya Pelše. Na mchungaji anayewaambia waumini wake kwamba moto ni ushetani anamkosea bibi huyohuyo.

Watetezi wa utambulisho hujibu kwamba taifa dogo, lililotawaliwa na Wajerumani, Wapoland, Waswidi na Warusi, haliwezi kumudu sikukuu isiyo na mwenyewe. Hoja hiyo siidharau. Lakini kati ya sikukuu zote za Latvia, hii ndiyo ambayo Mrusi wa Riga au wa Daugavpils huingia bila kuulizwa chochote, kwa sababu anaijua: kwao ni ile ya Ivan, baada ya siku 13. Anasuka taji, anaruka moto, anaitikia "līgo". Tarehe 9 Mei, siku ya ushindi wa Wasovieti, na tarehe 18 Novemba, siku ya kutangazwa kwa uhuru wa Latvia, zimewagawa majirani kwa miaka mingi. Usiku wa tarehe 23 Juni haukuwagawa. Kuugeuza kuwa kipimo cha ukale wa damu ni kuharibu daraja ambalo halikujengwa na wizara yoyote.

Serikali ilichoweza kufanya vizuri zaidi ilikwisha kukifanya mwaka 1990: siku mbili za mapumziko, bila sharti la nani awashe moto na kwa imani gani. Maziwa, kisibiti na kuni watu hujitafutia wenyewe.