Usifungue Mgongo, Tazama Kwanza Kidirisha Chekundu

Jumamosi moja katika soko la Sabasaba, hapa Dodoma, niliona kamera ya kukunja imewekwa kati ya pasi ya mkaa na redio isiyo na mfuniko. Ilikuwa Nettar ya Zeiss Ikon, ile kubwa inayotoa picha 8 kwa filamu moja. Nilibonyeza kitufe, mlango wa mbele ukashuka, lenzi ikatokeza na mvukuto wake mweusi. Nikaigeuza. Kwenye kidirisha chekundu cha mgongoni ilisimama namba 6.

Maana ya namba ile ni kwamba kuna mtu alipiga picha tano, akasogeza filamu tayari kwa ya sita, na hakuna aliyeigusa tena. Nilihisi mikono ikinitetemeka.

Kabla sijasema neno, kijana muuzaji akaichukua. "Ngoja nikuoneshe, mzee wangu, ndani ni safi kabisa." Akafungua mgongo, akavuta mkanda kama shubiri moja kwenye jua la saa sita mchana.

Simlaumu. Alitaka mteja aone mali nzima, na hakuna aliyewahi kumweleza kuwa picha ambazo hazijasafishwa hufa kwa mwanga. Ninaowalaumu ni sisi tunaojiita wakusanyaji. Tunaulizana shata, yaani kile kifungua mwanga, inalia au hailii, lenzi ina ukungu au haina, mvukuto umetoboka au uko salama. Swali la nani aliishika, na amemwacha nani ndani yake, hatuulizi. Kuna wenzangu wana kamera thelathini kabatini zikiwa zimeng'arishwa, na negativu, yaani vipande vya filamu iliyosafishwa, zilizokuja nazo kwenye bahasha walizitupa siku hiyohiyo kwa sababu "ni za watu wasiojulikana". Mimi naona kamera iliyotengwa na picha zake ni nusu ya kitu.

Na kamera hizi zilikuwa za nyumbani. Hiyo ndiyo sababu ya kukunjwa: mtu apate negativu kubwa kwa kamera inayoingia mfuko wa koti. Negativu ya Nettar yangu ni sentimita 6 kwa 9. Kwa ukubwa huo hakukuwa na lazima ya mashine ya kukuzia. Negativu ililazwa juu ya karatasi ya picha, ikapigwa mwanga, basi. Ukikuta kwenye albamu ya bibi yako vile vipicha vidogo vyenye ukingo mweupe, chukua rula uvipime. Vingi vitakupa vipimo vya negativu yenyewe.

Filamu yake, namba 120, Kodak waliitoa mwaka 1901 na hadi leo inatengenezwa. Kwa hiyo kamera ya miaka ya 1930 unaweza kuipakia filamu mpya kesho asubuhi. Wasio na bahati hiyo ni wenye kamera za filamu 620. Upana wa filamu ni uleule, ila kigurudumu kinachozungushiwa filamu ni chembamba, na utengenezaji wake ulikoma mwaka 1995. Hao inabidi waingie gizani waihamishie filamu ya 120 kwenye kigurudumu cha zamani.

Hewa yetu ya Dodoma inazipenda lenzi. Kule pwani unyevu huotesha ukungu juu ya kioo. Huku kukavu, kioo hudumu. Adui yetu ni vumbi. Ukiifungua kamera ya kukunja kwa pupa, mvukuto hutanuka ghafla na kuvuta hewa, nayo hewa huja na vumbi, na filamu yenyewe hubetuka. Ushikilie mlango kwa kidole gumba, uuache ushuke polepole, na filamu uisogeze baada ya kufungua. Kisha ngozi ya mvukuto hukauka ikapasuka kwenye kona za mikunjo. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ndani ya kamera, zunguka kona zote kwa macho. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano utaliona linang'aa kama nyota.

Lakini kabla ya yote hayo, kidirisha. Ukiona namba, usifungue. Zungusha kitasa hadi karatasi iliyo nyuma ya filamu, yenye zile namba, iishe, ingia gizani, itoe filamu, uifunge barabara.

Ile ya Sabasaba niliinunua elfu 40 pamoja na mkanda wake. Niliirudisha filamu kivulini, nikamalizia kuizungusha, nikaisafisha nyumbani usiku. Picha iliyopigwa kwanza ndiyo inayokaa ndani kabisa ya kigurudumu, imefunikwa na nyingine zote. Hilo ndilo lililoiokoa. Kuanzia ya tatu hadi mwisho, negativu ilikuwa nyeusi tupu. Ya pili ilikuwa na kivuli cha kitu kama mti. Ya kwanza ilitoka: mwanamke amesimama kando ya baiskeli, khanga imefungwa kifuani, nyuma yake ukuta wa tembe, na mbali kidogo majabali mawili yameegemeana. Pembeni unaonekana mkono wa mtoto, mwenyewe hayumo.

Nilimpelekea kijana nakala. Akaitazama kimya, kisha akasema kamera ile ilikuja na vyombo alivyonunua kwa watu waliokuwa wanahama Makole, na namba yao ya simu hana. Akaiegemeza picha kwenye redio. Wiki ya tatu sasa iko pale. Wapita njia wanainama, wanaiangalia, wanaondoka. Jumamosi iliyopita mzee mmoja alisimama muda mrefu, akasema mwanamke hamjui, ila majabali yale kama anayafahamu, yako njia ya Kondoa. Ameomba nakala aende nayo.