Uso, kisu na sindano: hesabu ya mtu wa Lubumbashi

Mama mkubwa ni fundi cherehani pale Kamalondo, hapa Lubumbashi. Kioo chake kidogo kimetundikwa kwenye msumari wa mlango wa jikoni, mahali ambapo mwanga wa asubuhi hauna huruma. Juzi nilimkuta ameweka vidole viwili mbele ya kila sikio, anavuta mashavu kuelekea juu. "Ona, mwanangu. Nikishika hivi, miaka kumi inaondoka. Nikiachia, inarudi." Akaachia, ikarudi. Kisha akanionyesha tangazo alilotumiwa kwenye simu: sindano za uso, hakuna kisu, hakuna kulala hospitali, unarudi kazini siku hiyohiyo. Alitaka kujua jambo moja tu. Hiyo sindano itafanya kile ambacho vidole vyake vinafanya?

Haitafanya. Matangazo mengi huficha jambo hilo kwa kuchanganya vitu vitatu tofauti chini ya jina la "uzee": mikunjo, ujazo uliopotea na ngozi iliyolegea.

Botox, sindano ya mikunjo, haivuti ngozi. Ni sumu ya bakteria, Clostridium botulinum, iliyopunguzwa hadi kipimo kidogo sana, na kazi yake ni kuizuia neva isiufikishie msuli amri ya kujikunja. Msuli ukilala, ngozi iliyo juu yake inatulia. Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, alikuwa akiwatibu kwayo watu ambao macho yao hujifumba bila wao kutaka, akaona ndita zao zinapotea. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakachapisha habari hiyo mwaka 1992, na mwaka 2002 Marekani ikairuhusu rasmi kwa ndita za katikati ya nyusi. Kwa hiyo inafaa kwa mikunjo inayoletwa na mwendo wa uso: ndita, mistari ya paji, ile ya pembeni mwa macho mtu akicheka. Baada ya miezi mitatu au minne msuli unaamka.

Sasa tazama nyuso za akina mama wetu wa miaka hamsini na kitu. Melanini, ile rangi ya ngozi, imewalinda na jua, na hapa hilo si jambo dogo: mji huu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda mionzi mikali ya jua huongezeka kwa takribani asilimia 10. Mikunjo midogo huchelewa kwetu. Kinachotusaliti ni uzito. Mafuta ya shavu hushuka, mtaro kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo unazama, mstari wa taya unapotea. Tangazo la mama mkubwa lilitengenezwa kwa ajili ya uso mweupe unaokunjamana mapema, likaletwa hapa bila kubadilishwa hata picha.

Sindano ya pili ni ya jeli ya kujaza, mara nyingi asidi ya hialuroniki, ambayo hurudisha ujazo uliopotea chini ya macho au mashavuni kwa miezi sita hadi kumi na minane. Ikitumiwa kwa kiasi inapendeza. Shida inaanza pale inapotakiwa kuinua ngozi iliyolegea: daktari anaongeza, anaongeza tena, mwisho uso unafanana na mto. (Vifaa vya joto na mawimbi ya redio nitavipita haraka: havichagui rangi ya ngozi, lakini havifanyi mengi. Leza ni habari nyingine. Ikipangwa kwa kipimo cha ngozi nyeupe inaweza kutuunguza na kutuachia madoa meusi ya miezi mingi.)

Kinachofanana na vidole vya mama mkubwa ni kisu peke yake. Daktari hupasua mbele na nyuma ya sikio, na hakazi ngozi tu kama zamani. Tangu mwaka 1976, Vladimir Mitz na Martine Peyronie walipoeleza utando ulio chini ya ngozi na mafuta ya uso, madaktari huukaza huo, ndipo ngozi inalazwa juu yake bila kunyooshwa kama ngoma. Matokeo hudumu miaka saba, hata kumi.

Hapo ndipo watu wengi wanaisimamisha hesabu: sindano nyepesi, kisu kizito. Mimi naona kwa mtu anayeishi Lubumbashi hesabu hiyo haijafika hata nusu.

Botox hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye sindano. Kila mwenye friji hapa anaijua delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, na anajua nyama inanuka vipi umeme ukikaa siku mbili haujarudi. Dawa iliyopata joto hainuki. Inakudanganya tu: unalipa dola zako, wiki mbili zinapita, ndita iko palepale, nawe unaambiwa mwili wako ni sugu. Halafu kuna marudio. Mara tatu kwa mwaka, kwa miaka kumi, ni mara thelathini. Kama unamwamini daktari wa Johannesburg tu, hizo ni safari thelathini kwa ajili ya kitu kinachoitwa chepesi.

Jeli nayo ina usiku wake mbaya. Ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya, ngozi inapauka na kuuma, na ikielekea kwenye mshipa wa jicho mtu anaweza kupofuka. Kuna kimeng'enya cha kuiyeyusha, hialuronidasi, lakini muda ni mfupi, ni wa saa na si wa siku, na kwa jicho ni mfupi zaidi. Nikiambiwa "daktari" anapita mjini siku mbili na anachoma sindano hotelini, sitauliza bei. Nitauliza kama anayo hiyo dawa mkobani, na Jumatatu atakuwa wapi.

Lakini lazima niitendee haki sindano. Kosa la Botox linaisha lenyewe, na jeli ya aina hiyo inayeyushwa. Kosa la kisu unazeeka nalo. Neva ya uso ikiguswa, mdomo unaweza kwenda upande. Damu inaweza kujikusanya chini ya ngozi, hasa katika saa 24 za kwanza, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye presha. Ni wangapi wetu wana presha na hawajawahi kupimwa? Pia makovu: sisi huota keloidi kuliko wazungu, na sikio ni moja ya sehemu zinazopenda kuota. Aliyetobolewa sikio likavimba kama punje ya mahindi ameshapewa onyo.

Na kuna jambo ambalo watu hawamwambii daktari: mafuta ya kujichubua. Mengi yana dawa kali za jamii ya kotisoni, na ngozi iliyopakwa kwa miaka inakuwa nyembamba, uzi wa kushonea unaikata kama karatasi iliyolowa, na kidonda kinachelewa kufunga. Kwa mtu wa namna hiyo swali la kisu au sindano bado halijafika. Aache mafuta kwanza, tena akisimamiwa na daktari wa ngozi.

Nikarudi kwa mama mkubwa. Nilimtazama akitunga uzi kwenye sindano ya cherehani: anainua nyusi hadi paji lote linajaa mistari, kisha ndipo anaona tundu. Ngozi ya kope za juu imemshukia hadi kugusa nywele za kope. Ile mistari ya paji aliyotaka kuifuta ndiyo inayomfungulia macho. Angechomwa Botox pale juu, msuli ungelala, nyusi zingeshuka, na angeshona kwa kubahatisha kwa miezi mitatu. Kinachomfaa yeye ni kisu, lakini si kile kikubwa: kupunguza ngozi ya kope, kazi inayoweza kufanyika kwa ganzi ya pale pale, na nyuzi hutolewa ndani ya wiki moja hivi.

Nilimweleza yote haya. Akafikiri, akakata uzi kwa meno.

"Na huyo daktari," akasema, "siku ya kunitoa nyuzi atakuwa hapa, ao atakuwa amesharudi kwao?"